Bandari Moja ya Nje: Ratiba ya Safari Inavyopanga Kodi Ndani ya Meli za Ulaya

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kila aliyesoma historia ya pwani yetu ameusikia, kwa kuwa ndani yake Ujerumani iliacha madai yake juu ya Witu na kukubali Unguja na Pemba ziwekwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Kisichosimuliwa sana darasani ni kile ambacho Ujerumani ilikipata kwa upande wake huko Ulaya: Heligoland, kisiwa kidogo cha miamba myekundu katika Bahari ya Kaskazini, ambacho mtu anaweza kukizunguka chote kwa miguu na bado akawahi chakula cha mchana. Waliouandika mkataba ule hawakusahau mifuko ya wenyeji. Waliweka sharti kwamba viwango vya ushuru wa forodha vilivyokuwa vikitumika kisiwani visipandishwe kabla ya tarehe 1 Januari 1910.

Tarehe hiyo imepita zamani, lakini upendeleo umebaki. Heligoland ni sehemu ya Ujerumani na ya Umoja wa Ulaya, ila haimo katika eneo la forodha la Umoja huo wala katika eneo lake la kodi ya ongezeko la thamani. Meli za matembezi kutoka Cuxhaven na Hamburg hushusha watu huko mchana na kuwarudisha jioni wakiwa na mifuko ya pombe kali, sigara na manukato. Kisiwa chenyewe hutoza kodi yake ya kuingiza bidhaa kama pombe na tumbaku, kwa hiyo hata hapo maneno "bila ushuru" yanahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Nimeanza na kisiwa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo matangazo ya meli za kitalii hayalisemi wazi. Abiria wengi hudhani kwamba msamaha wa kodi unatokana na bahari yenyewe, kwamba meli ikishavuka maili 12 za maji ya nchi hakuna tena serikali ya kudai chake na bei hushuka. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, maana maduka ya meli nyingi hufungwa zinapokuwa gatini, na shehena ya sigara na pombe huweza kutiwa lakiri na maofisa wa forodha mpaka meli ing'oe nanga. Kwa safari za Ulaya, hata hivyo, chembe hiyo haitoshi. Meli inaweza kukaa siku mbili katikati ya Mediterania bila abiria kuona nchi kavu, na bado chupa ya manukato dukani ikatozwa kodi ya Hispania ya asilimia 21. Linaloamua ni orodha ya bandari iliyochapishwa kwenye tiketi. Kwa maneno mengine, kodi hupangwa ofisini na anayechora ratiba, miezi mingi kabla ya nahodha kushika usukani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Duka la kwanza la uwanja wa ndege lisilotoza ushuru lilifunguliwa Shannon, nchini Ireland, mwaka 1947, na wazo lake lilikuwa jepesi kueleweka: msafiri anayeondoka nchini hatatumia bidhaa hiyo ndani ya nchi, kwa hiyo hana sababu ya kuilipia kodi ya nchi. Meli nazo ziliufuata mkondo huohuo, na kwa miongo kadhaa mtu aliyepanda feri kutoka Dover kwenda Calais alihesabiwa kuwa anatoka nchi moja kwenda nyingine, akanunua whisky yake kwa bei ya chini. Soko la pamoja la Ulaya lilipokaribia kuanza mwaka 1993, mantiki hiyo ilivunjika, kwa sababu ndani ya soko moja hakuna kusafirisha bidhaa nje wala kuingiza ndani. Uamuzi wa kufuta msamaha kwa safari za ndani ya Umoja ulifanyika mwaka 1991, ila biashara ya meli na viwanja vya ndege ilipewa muda wa mpito hadi tarehe 30 Juni 1999. Muda ulipokaribia kwisha, Ujerumani, Uingereza na Ufaransa zilijaribu kuuongeza kwa hoja ya ajira, zikashindwa.

Tangu siku hiyo kanuni ni hii. Meli inaposafiri kutoka bandari ya Umoja wa Ulaya hadi bandari nyingine ya Umoja bila kutia nanga nje, bidhaa zinazouzwa ndani yake huhesabiwa kuwa zimeuzwa mahali safari ilipoanzia. Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 37 cha Maelekezo ya mwaka 2006 kuhusu kodi ya ongezeko la thamani. Iwapo safari imeanzia Barcelona na kupita Marseille, Genoa, Napoli na Palma kabla ya kurejea Barcelona, kodi ni ya Hispania hata meli ikiwa mbele ya mji wa Napoli na hata kama bendera inayopepea nyuma yake ni ya Panama au Malta. Bendera, ambayo ina uzito mkubwa katika sheria za kazi za mabaharia na katika kodi ya faida ya kampuni, hapa haina la kusema.

Sasa tuchukue meli inayotoka Trieste, ikapita Split na Dubrovnik, ikatia nanga Kotor, kisha Corfu, na kumalizia Piraeus. Kotor iko Montenegro, nje ya Umoja wa Ulaya. Kituo hicho kimoja kinaikata safari vipande vitatu machoni pa mtoza kodi. Kutoka Trieste hadi Dubrovnik ni safari ya ndani, na kodi ni ya Italia, asilimia 22. Kutoka Dubrovnik kupitia Kotor hadi Corfu ni safari iliyotoka nje ya Umoja, na hapo duka linaweza kuuza bila kodi ya nchi yoyote kati ya hizo. Kutoka Corfu hadi Piraeus meli imerudi ndani, na sasa anayedai ni Ugiriki, kwa kiwango cha asilimia 24. Saa ni ileile kwenye kabati la kioo, muuzaji ni yuleyule, na abiria hakubadilisha hata viatu, lakini msingi wa bei umebadilika mara mbili ndani ya siku chache. Anayeshangaa kwa nini tangazo la mauzo makubwa hutolewa jioni fulani na si nyingine atazame ramani kabla ya kusifu ukarimu wa kampuni.

Kuna mwanya mwingine ndani ya kifungu hichohicho. Nchi wanachama zimeruhusiwa kusamehe kodi ya bidhaa zinazotumiwa ndani ya meli, yaani zile zinazoliwa na kunywewa humohumo, mpaka utaratibu wa pamoja utakapokubaliwa. Matokeo yake ni kwamba glasi ya divai inayouzwa baa inaweza kusamehewa, ilhali chupa ya divai hiyohiyo inayouzwa dukani, ikafungwa na kupelekwa nyumbani, ikatozwa. Kwa kuwa ni ruhusa wala si amri, kila nchi hufanya inavyoona inafaa, na ndiyo sababu abiria wa safari mbili zinazofanana huenda mmoja akakuta kodi kwenye ankara ya baa na mwenzake asiikute. Wahudumu hulaumiwa kwa jambo ambalo hawakulitunga.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imelazimika kuamua mara kwa mara kituo cha kweli ni kipi. Kaskazini mwa Ujerumani kulikuwa na safari maarufu zilizoitwa "safari za siagi": watu walipanda meli kwa nauli ya senti chache, wakazunguka kidogo baharini, wakanunua siagi, pombe na sigara, wakarudi nyumbani kabla ya giza. Mwaka 1981, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya maduka ya Rewe, ambayo duka lake la nchi kavu lilikuwa likipoteza wateja, Mahakama iliamua kwamba abiria ambaye meli yake haikufika kabisa nchi ya tatu, yaani nchi iliyo nje ya Umoja, au imefika kwa ishara tu, hawezi kudai msamaha anaopewa msafiri anayetoka nje. Hata hivyo mwaka 2005, katika kesi namba C-58/04 iliyohusu duka ndani ya meli ya kitalii, Mahakama ilisema kwamba kusimama katika bandari ya nchi ya tatu kunahesabika kuwa kituo ikiwa abiria wanaweza kushuka, hata kwa muda mfupi. Hukumu hizi mbili hazigongani kisheria, kwa kuwa ya kwanza ilihusu haki za mnunuzi anayeingia nchini na ya pili ilihusu mahali pa mauzo. Lakini kwa mpangaji wa ratiba ujumbe wa pili ndio wenye mali: si lazima watu washuke, inatosha wawe wanaweza.

Hakuna mahali ambapo ujumbe huo umetumiwa kwa ustadi zaidi kuliko visiwa vya Åland, kati ya Uswidi na Ufini. Åland ni sehemu ya Ufini yenye mamlaka ya ndani na wakazi wapatao 30,000 ambao lugha yao ni Kiswidi. Ufini ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, mkataba wa kujiunga uliambatanishwa na itifaki inayoiweka Åland nje ya eneo la kodi ya ongezeko la thamani na la ushuru wa bidhaa, ingawa kiforodha imo ndani. Miaka minne baadaye msamaha ulipofutwa kwa safari nyingine za ndani ya Umoja, itifaki hiyo iligeuka kuwa mgodi. Meli za Viking Line na Tallink Silja zinazokwenda Helsinki au Turku kutoka Stockholm husimama Mariehamn au Långnäs, mara nyingine katikati ya usiku, huku abiria wengi wakiwa wamelala. Mlango hufunguliwa, wachache hushuka, magari kadhaa huingia, na meli huondoka. Kwa kituo hicho, duka la meli lina haki ya kuuza bila kodi njia nzima. Ndugu zetu wanaoishi Stockholm na Helsinki, wakiwemo Wakongomani wengi waliofika Ufini kama wakimbizi, wanaijua safari hii, na wapo waliokwisha kupita Åland mara nyingi bila kukanyaga ardhi yake hata mara moja.

Tofauti inaonekana tukitazama ng'ambo kidogo. Njia ya Helsinki hadi Tallinn ilikuwa na mauzo yasiyotozwa kodi mpaka Estonia ilipojiunga na Umoja tarehe 1 Mei 2004, na ikayapoteza siku hiyo. Meli kubwa za Color Line kati ya Oslo na Kiel zinaendelea kuuza bila kodi kwa sababu Norwei ilikataa kujiunga. Bahari ni hiyohiyo, na baridi ni ileile.

Gharama ya Åland haionekani kwa abiria. Kwa kuwa kisiwa kiko nje ya mpaka wa kodi, mfanyabiashara mdogo wa Mariehamn anayetuma bidhaa Helsinki, ndani ya nchi yake mwenyewe, hujaza nyaraka zinazofanana na za mtu anayesafirisha kwenda ng'ambo. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Malalamiko kuhusu kodi za bidhaa zinazovuka kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam yalidumu miaka mingi katika orodha ya kero za Muungano, na chanzo chake kilikuwa cha aina hiyohiyo: nchi moja yenye taratibu mbili za kodi, na mwananchi amesimama bandarini na mzigo wake. Waåland wameukubali usumbufu huo kwa sababu wanaamini kwamba bila mauzo ya pombe meli zisingesimama kwao mara kwa mara kiasi hicho, na kisiwa kingekosa usafiri wa uhakika wakati wa baridi. Ni hoja nzito, na sioni haki ya mtu wa Paris au Berlin kuidharau.

Swali langu ni nani hasa anayekula matunda ya msamaha huu, na hapa hesabu husaidia kuliko hisia. Bei ya bidhaa yenye kodi ya asilimia 21 ikiwa euro 121, kuondoa kodi yote kunaiacha euro 100, yaani punguzo la asilimia 17.4 na si 21 kama wengi wanavyodhani. Hilo ni kwa duka linalomwachia mteja kodi yote. Hakuna sheria inayolilazimisha kufanya hivyo. Maduka mengi ya melini huendeshwa na wakandarasi maalumu, kama Gebr. Heinemann ya Hamburg au Harding ya Bristol, ambao huilipa kampuni ya meli kwa nafasi wanayoipata, na malipo hayo lazima yatoke kwenye bei. Mnunuzi hana duka jingine la kulinganisha mpaka meli ifike bandari inayofuata. Kodi iliyosamehewa kwa hiyo hugawanywa kati ya watatu, mwenye meli, mwenye duka na mteja, na mteja ndiye pekee ambaye hakukaribishwa kwenye mazungumzo.

Kwa pombe hali hutegemea nchi kuliko kitu kingine chochote. Kiwango cha chini cha ushuru wa pombe kali katika Umoja wa Ulaya ni euro 550 kwa kila lita 100 za kilevi halisi, ambacho kwa chupa ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 40 ni takriban euro 1 na senti 54. Italia hutoza karibu euro 2 na senti 90 kwa chupa hiyo. Ufini hutoza zaidi ya euro 13. Mfini anayenunua vodka kwenye njia ya Åland anaokoa fedha za kweli. Mtalii aliyepanda meli Genoa na kufurahia chupa "isiyo na ushuru" huenda angeipata kwa bei ileile au ndogo zaidi katika duka la vyakula la mtaani, dakika kumi kutoka gatini. Kwa divai jambo ni la kuchekesha kidogo, kwa kuwa kiwango cha chini cha ushuru wake katika Umoja ni sifuri na Italia na Hispania hutoza sifuri hiyohiyo, kwa hiyo huko tangazo la divai iliyoondolewa ushuru wa bidhaa linaondoa kitu ambacho hakikuwapo.

Anayenunua bila kodi akumbuke pia mlango wa kutokea. Msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya kwa bahari akitoka nchi ya tatu anaruhusiwa bidhaa za thamani ya hadi euro 430, na kando ya hizo lita moja ya pombe kali, lita nne za divai, lita 16 za bia na sigara 200, ingawa nchi inaweza kupunguza sigara hadi 40. Aliye chini ya miaka 17 hana haki ya pombe wala tumbaku. Saa ya euro 900 iliyonunuliwa baada ya Kotor imevuka kiwango hicho, na afisa wa forodha wa Piraeus ana haki ya kuuliza risiti. Kwa upande mwingine, mgeni anayeishi nje ya Umoja, tuseme mkazi wa Nairobi au Muscat aliyekuja kwa mapumziko, mara nyingi hufaidika zaidi akinunua nchi kavu na kudai kurudishiwa kodi anapoondoka Ulaya. Kiwango cha chini cha manunuzi ambacho nchi inaweza kudai kwa huduma hiyo hakiruhusiwi kuzidi euro 175; Italia imeshusha hadi 70 na Hispania imeondoa kiwango kabisa. Muhimu ni kupata nyaraka kutoka dukani na kuzithibitisha forodhani kabla ya kuruka.

Uingereza iliyojitoa kwenye Umoja imerudisha ya kale. Tangu tarehe 1 Januari 2021 feri za Dover zinauza tena bila ushuru, na meli za kitalii za Southampton, ambazo zamani zilipenda kupitia Guernsey, Gibraltar au visiwa vya Canary vilivyo nje ya eneo la kodi ya ongezeko la thamani, sasa hazihitaji kituo cha hila, kwa sababu nyumbani kwenyewe kumekuwa nje. Serikali hiyohiyo, mwishoni mwa mwaka 2020, ilifuta utaratibu wa kuwarudishia wageni kodi ya manunuzi ya madukani. Mgeni anayenunua London hulipa kodi asirudishiwe, na anayenunua ndani ya feri ikiwa maili chache kutoka ufukweni hasamehewi kwa sababu ni mgeni bali kwa sababu yumo ndani ya feri.

Msimamo wangu ni kwamba msamaha wa kodi ndani ya meli ni ruzuku ya usafiri iliyovishwa vazi la zawadi kwa abiria. Pengine ni ruzuku inayostahili, kama ilivyo kwa Åland. Lakini ruzuku ya kweli hujadiliwa bungeni, hupewa kiasi na huangaliwa upya, ilhali hii hupanda na kushuka kwa kufuata kiasi cha pombe watu wanachokunywa, na hakuna waziri anayeulizwa. Isitoshe, si ruzuku pekee. Sheria ya Umoja ya mwaka 2003 kuhusu kodi ya nishati inasamehe mafuta ya meli za kibiashara, na ndiyo hiyo inayozihusu meli za kitalii zenye maelfu ya vitanda. Mfumo wa kulipia hewa chafu ulipoanza kwa meli kubwa mwaka 2024, uliwekwa hivi: safari kati ya bandari mbili za Umoja huhesabiwa moshi wote, na safari ya kwenda au kutoka bandari ya nje huhesabiwa nusu. Msomaji atatambua kwamba Kotor, iliyoondoa kodi ya manukato, inapunguza pia deni la moshi katika vipande viwili vya safari. Sidai kwamba kampuni hupeleka meli huko kwa sababu hiyo, kwa kuwa ghuba ile ni nzuri na watalii huipenda. Nasema kwamba sheria mbili zilizoandikwa na watu tofauti kwa nia tofauti zimempa mchora ratiba tuzo ileile.

Wakati huo wenyeji wa bandari wameanza kutoza kwa njia isiyokwepeka kwa ramani, yaani kumtoza mtu badala ya bidhaa. Amsterdam ilianza mwaka 2019 kwa euro 8 kwa kila abiria wa meli anayepita, ikafika euro 14 mwaka 2024. Ugiriki ilianza mwezi Julai 2025 kutoza euro 20 kwa kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos katika msimu wa watu wengi, na euro 5 katika bandari nyingine. Abiria aliyeokoa euro 15 kwenye manukato baada ya Kotor atazirudisha zote gatini Santorini, na kuongeza tano.